HABARI ZA KULABU NA UZI: Jinsi Kazi ya Kroshia Ilivyokuzwa, na Yale Inayotufundisha Katika Jubilei Yetu

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtasoma habari za mapadre waliokuja kwa miguu, na za makanisa yaliyojengwa kwanza kwa udongo na makuti, kisha kwa mawe. Mtasoma pia habari za shule, za zahanati, na za makatekista wazee waliotutangulia. Habari hizo ni njema, na ni haki ziandikwe. Lakini mimi nimeomba ruhusa niandike habari za kitu kidogo kinachoweza kufichwa kiganjani, nacho ni ile kulabu ya kufumia, pamoja na uzi wake wa pamba.

Sababu ya kuomba ni hii. Tulipokuwa tukitayarisha sikukuu, tulifungua daftari la zamani la parokia yetu tupate majina ya waliotoa nguvu zao. Tukayaona majina ya waliochoma matofali, na ya waliobeba mchanga, na hata jina la mwenye punda aliyeazimisha punda wake. Lakini kitambaa kikubwa cha altare, chenye pindo la kroshia la zabibu na kikombe, kitambaa ambacho kila mmoja wetu amekitazama tangu utoto wake, kimeandikwa kwa maneno machache tu: kitambaa kimoja, cheupe. Jina la aliyekifuma halimo. Na siku ile ile mmoja wetu akatoa shauri kwamba kwa Jubilei kitambaa hicho kiondolewe, tununue cha dukani, kilichofumwa kwa mashine, kwa kuwa kinang'aa zaidi na bei yake ni nafuu. Nilinyamaza siku ile. Sasa nataka kujibu, na jibu langu ni habari za kazi yenyewe tangu mwanzo wake.

KAZI YENYEWE

Kroshia ni kazi ya kufuma kwa kulabu moja. Mfumaji hufanya kitanzi, akapitisha uzi ndani ya kitanzi hicho, akapata kitanzi cha pili, na hivyo hivyo hata apate mnyororo. Kisha hurudi juu ya mnyororo ule na kuongeza safu juu ya safu. Kufuma kwa sindano mbili, kama wafumavyo sweta, ni kazi nyingine, maana huko vitanzi vingi hukaa juu ya sindano kwa pamoja. Katika kroshia kitanzi kimoja tu ndicho kilicho hai, na vingine vyote vimekwisha kufungwa. Kwa hiyo mama aweza kuiweka kazi yake chini mtoto anapolia, akairudia baadaye bila kupoteza kitu. Jambo hili ni dogo, lakini mtaona jinsi lilivyowafaa maskini.

Jina hili latoka katika lugha ya Kifaransa, maana yake kulabu ndogo. Vielelezo vya kwanza vilivyopigwa chapa vilionekana katika gazeti moja la Uholanzi katika miaka ya 1820. Kabla ya hapo matajiri wa Ulaya walivaa kimia kilichoshonwa kwa sindano, cha namna ya mji wa Venice, na kipande kidogo cha kimia hicho kilichukua miezi mingi. Kulabu ilikuja ikaweza kufanya kazi ya kufanana na ile kwa muda mfupi zaidi, na kwa uzi wa pamba ulio rahisi kuliko uzi wa kitani.

WATAWA WA CORK

Sasa twende katika nchi ya Ireland, maana huko ndiko kroshia ilikokua na kujulikana duniani kote. Katika mji wa Cork alikuwako bibi mmoja, Nano Nagle, aliyezaliwa mwaka 1718. Siku zile sheria za serikali ziliwakataza Wakatoliki kufungua shule, naye akafungua shule kwa siri, akawakusanya watoto wa maskini awafundishe sala, kusoma na kazi za mikono. Mwaka 1771 akawaleta Cork masista wa Mtakatifu Ursula kutoka Paris. Mwaka 1775 akaanzisha shirika jipya, ambalo leo laitwa Masista wa Presentation, wapate kutoka nje na kuwaendea maskini katika vijumba vyao. Akafa mwaka 1784. Sisi makatekista tukisoma habari zake twaona haya kidogo, maana tukinyeshewa na mvua njiani twarudi nyumbani, na yeye alitembea usiku katika vichochoro akiwa na taa yake mkononi.

Masista wa Ursula walihamia Blackrock, karibu na Cork, mwaka 1825. Huko, kabla ya njaa na wakati wa njaa, walikuwa wakiwafundisha wasichana maskini kufuma kwa kulabu. Hivyo Mungu alitangulia kuwatayarishia watu wake chombo, kabla hawajajua watakihitaji kwa sababu gani.

NJAA KUU

Watu wa mashambani katika Ireland walikodi vipande vidogo vya ardhi kwa mabwana wenye mashamba. Nafaka na nguruwe waliuza wapate kulipa kodi, na wao wenyewe walikula viazi vya Ulaya asubuhi, mchana na jioni. Basi mwaka 1845 ugonjwa mfano wa ukungu uliingia katika viazi. Majani yakawa meusi, na viazi vikaoza ardhini na kunuka. Mwaka 1846 karibu mavuno yote yakapotea. Njaa na homa zikaendelea hata mwaka 1850 na zaidi. Watu wapata milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda merikebu kwenda Marekani, Uingereza na kwingineko. Mwaka 1841 watu wa nchi ile walihesabiwa milioni 8 na zaidi. Mwaka 1851 walikuwa kama milioni 6 na nusu.

Sisi ambao wazee wetu walituhadithia miaka ya njaa katika nchi yetu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Njaa humwondolea mtu chakula, tena humwondolea heshima. Mzee aliyezoea kutoa hujikuta akipanga mstari kuomba uji, na mama hukwepa macho ya watoto wake. Ndiyo sababu kazi ya kulabu ilikuwa kubwa kuliko fedha zake. Msichana aliyefuma ukosi wa gauni akauuza alirudi nyumbani na unga alioupata kwa kazi yake mwenyewe, wala hakuona haya kumtazama mtu.

Kulabu zao hazikuwa za dukani. Wengi walichukua sindano au waya mgumu, wakaukwaruza hata ukapata ncha ya kupinda, wakautia katika kipini cha mti. Mama zetu nao wamefanya vivyo hivyo kwa spoku ya baiskeli. Vijumba vyao vilikuwa vyeusi kwa moshi wa moto wa udongo mkavu, na kazi nyeupe ilichafuka mikononi, ikapasa kufuliwa na kupigwa pasi kabla ya kupelekwa kwa wenye maduka. Mnunuzi wa London aliyevaa ukosi ule mweupe kama theluji hakuuona moshi.

BINTI ALIYETUNGA VIELELEZO

Kila mfumaji huhitaji kielelezo, na kielelezo hakijitungi. Mtu mmoja hukaa akafikiri: nikianza kwa vitanzi sita, nikavifunga duara, nikatoa majani matano, ua litatokeaje? Hufuma, hufumua, hufuma tena. Katika habari za kroshia aliyejulikana kuliko wote kwa kazi hii ni bibi mmoja aliyekaa London, Eléonore Riego de la Branchardière. Alizaliwa katika mwaka 1828 au karibu na hapo, na yasemwa kwamba mama yake alikuwa mtu wa Ireland. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1846, yeye akiwa bado msichana. Hata alipokufa mwaka 1887 alikuwa ametoa vitabu zaidi ya 70, vingi vyao vidogo vya bei ndogo, na tangu mwaka 1852 alitoa pia gazeti la kazi za sindano. Katika Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 kazi zake zilipewa medali.

Kumbukeni kazi ile ilivyokuwa ngumu. Alama fupi watumiazo watunzi wa siku hizi hazikuwa zimepangwa bado. Ilimpasa aeleze kwa maneno kila kitanzi na kila safu, ili mtu aliye mbali, asiyeweza kumwona mwalimu, asome na kufuata mpaka ua litokee. Sisi walimu twajua shida hiyo. Kufanya kitu ni jambo moja, na kumweleza mwingine akifanye bila wewe kuwapo ni jambo jingine.

Yeye mwenyewe alidai kwamba ndiye aliyebuni kimia cha kroshia. Twaweza kumsifu bila kumpa yote. Masista wa Blackrock walikuwa wakifundisha, na wanawake wengi katika vijumba walikuwa wakibuni maua ambayo hayakuandikwa popote. Jina lake limebaki kwa sababu alipiga chapa. Majina yao yamepotea kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Nawaomba mliweke neno hili moyoni, maana nitalirudia.

THORNTON NA CLONES

Watu wa madhehebu mengine nao walifanya kazi hii, na ni haki kuwataja. Huko Thornton, katika wilaya ya Kildare, Bibi Roberts alianza kuwafundisha wanawake wa karibu naye wakati wa njaa. Walipokuwa hodari, akawatuma kama walimu katika sehemu nyingine za nchi. Mwaka 1847 mchungaji wa Kianglikana, Thomas Hand, alihamia mji wa Clones, kaskazini, pamoja na mkewe Cassandra. Bibi huyo alipoona watu wanavyokufa, alimleta mwalimu kutoka kwa Bibi Roberts, na kazi ikaenea nyumba kwa nyumba, kwa Wakatoliki na Waprotestanti pia. Hata leo fundo moja dogo la kupendeza, linalofanywa kwa kuuzungusha uzi mara nyingi juu ya kulabu, huitwa fundo la Clones.

Tazameni jinsi walivyogawana kazi. Kimia chao hakikufumwa kipande kizima tangu mwanzo hata mwisho. Mmoja alifuma maua ya waridi tu, mwingine majani, mwingine vichala vya zabibu, mwingine lile jani la sehemu tatu ambalo kwa mapokeo ya watu wa Ireland Mtakatifu Patrisi alilitumia kufundisha Fumbo la Utatu. Ndani ya ua waliingiza uzi mnene, ili ua liinuke kama limechongwa. Kisha mwenye mkono mwepesi aliyakusanya maua yote, akayashikiza juu ya kitambaa kilichochorwa, akayaunganisha kwa wavu wa vitanzi vidogo. Ndipo kitambaa kikaondolewa, na kimia kikabaki. Jamaa nyingine zilikuwa na ua lao ambalo hawakumwonyesha jirani, kwa kuwa ua hilo ndilo lililokuwa shamba lao.

Fedha walizopata zililipa kodi ya ardhi na kununua chakula. Wengine walizitumia kununua nafasi katika merikebu, na kulabu ikaenda pamoja nao Marekani.

KUSHUKA NA KUINUKA

Isidhaniwe kwamba kazi hii iliendelea vizuri siku zote. Njaa ilipopungua, wengi walifuma kwa haraka wapate fedha upesi, vielelezo vikarudiwa bila kufikiri, na kazi mbaya ikauzwa pamoja na nzuri. Wanunuzi wakachoka. Mwaka 1883 yalifanyika maonyesho mjini Cork, na Bwana Alan Cole, mjuzi wa kimia kutoka London, akaja akaeleza wazi kwamba mikono ya wafumaji ni hodari, lakini michoro yao imechakaa. Baada ya hapo konventi kadha wa kadha zilianza kufundisha kuchora. Mwaka 1886 Lady Aberdeen alianzisha chama cha kusaidia kazi za mikono za Ireland, na mwaka 1893 kazi hizo zilionyeshwa katika maonyesho ya Chicago. Serikali nayo iliunda baraza mwaka 1891 kwa ajili ya wilaya maskini za magharibi, nalo likafungua madarasa ya kimia na kroshia. Mwanzoni mwa karne ya 20 kroshia ya Ireland ilitakwa sana Paris na New York.

Lakini adui mpya alikuwa amekwisha kuja. Tangu miaka ya 1880 viwanda vya Uswisi na Ujerumani vilitarizi kwa mashine juu ya kitambaa, kisha wakakiyeyusha kitambaa kwa dawa, ukabaki uzi wenye sura ya kroshia. Kwa mbali mtu hakuweza kutofautisha, na bei ilikuwa ndogo mno. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, mitindo ya mavazi ikabadilika, na soko likaanguka. Walioweka maisha yao yote juu ya soko la mbali wakajikuta hawana kitu. Hata hivyo kazi yenyewe haikufa, maana waliipenda, wakawafundisha binti zao. Mpaka leo Clones ingali inajulikana kwa kimia chake.

HABARI HIZI NA SISI

Mwaka 1860 masista wa kwanza walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na Padre Fava. Mwaka 1903 Mama Kevin, mzaliwa wa Ireland, alifika Nsambya katika Uganda, na mwaka 1921 masista wa Loreto kutoka Ireland walifika Nairobi. Masista wa mashirika mengi waliofuata walifungua vyumba vya kushonea karibu na shule zao, na kutoka vyumba hivyo kulabu iliingia katika nyumba zetu. Leo ni nyumba gani isiyo na kitambaa cha kufuma juu ya kiti au meza? Hatukumbuki tena kwamba kililetwa, maana tumekwisha kukifanya chetu.

Hapa naomba niseme habari zangu kidogo. Aliyefuma pindo la altare letu alikuwa mama yangu mzazi. Hakujua kusoma. Mimi nilipokuwa darasa la nne alinitaka nimpe daftari langu la hesabu lenye miraba, akaniambia, "Mwanangu, nichoree zabibu." Nikachora. Mraba uliotiwa wino ulikuwa wa kujazwa uzi, na mraba mtupu uliachwa wazi. Nikakaa karibu naye jioni nikimhesabia: jaza tatu, acha mbili, jaza moja. Nilipokosea mraba mmoja, aligundua safu nne baadaye, akafumua zote bila kunigombeza, akasema, "Altare haidanganywi." Kwaresima nzima ilipita katika kazi ile. Tangu wakati huo nimeendelea kuchora vielelezo na kufuma, nikiisha kazi za mafundisho, na wanaume wenzangu wamenicheka vya kutosha. Ninawajibu kwamba kofia zao nazo zilishonwa na mtu.

Sasa nirudi kwa shauri la yule ndugu yetu. Sikatai kwamba kitambaa cha mashine ni nafuu. Lakini historia hii yatufundisha mambo matatu. Kwanza, kazi ya mikono iliyofundishwa katika siku za shibe ndiyo iliyookoa watu katika siku za njaa. Asiyejifunza leo hatakuwa na chombo kesho. Pili, mikono hodari haitoshi pasipo kufikiri na kuchora upya. Kikundi chetu cha kina mama, ambacho sasa kimebaki na watu watano, kimerudia ua moja miaka mingi, kisha tunashangaa kwamba mchuuzi atoa bei ndogo. Tatu, tusitegemee soko moja la mbali. Kroshia na iwe pamoja na shamba na kuku, isiwe badala yao.

Kwa hiyo nawaomba walimu wawape watoto, wasichana na wavulana pia, saa moja kwa juma kwa kazi hii, tena wawafundishe kutunga, wasiige tu. Daftari la hesabu na wino vyatosha kwa kuanzia. Nawaomba kina mama walio hodari wakubali kukaa na wadogo, wala wasifiche ua lao hata wakafa nalo. Nayo Halmashauri ya parokia naiomba kitambaa kile kifuliwe kwa uangalifu, kitandikwe siku ya Jubilei, na katika daftari yaongezwe majina ya wafumaji wote tunaowakumbuka. Siombi kwa ajili ya mama yangu peke yake. Nimekwisha kuhesabu wanane, na wazee wetu wakiulizwa watataja wengine.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Tabitha wa Yopa. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea, wakilia. Hawakuwa na maneno mengi ya kumsifu. Walizileta zile nguo. Basi na sisi siku ya Jubilei tulete kazi za mikono ya mama zetu mbele ya altare, na majina yao pamoja nazo. Mwenyezi Mungu, aonaye kila kitanzi kinachofungwa gizani, awape pumziko la milele waliotangulia, na sisi tulio hai atupe mikono isiyo mivivu. Amina.